Nani Alilipia Mwitu wa Mikeno?

Ukishika njia kutoka Goma kuelekea Rutshuru, baada ya kilometa zipatazo 25 wafika Kibumba. Mkono wa kushoto wauona mlima Nyiragongo na moshi wake. Mkono wa kuume wasimama Mikeno, mrefu wa meta 4,437, kichwa chake kikiwa ndani ya mawingu karibu siku zote. Nchi ya hapa ni baridi, udongo wake mweusi umetoka katika moto wa milima, nao wazaa viazi, kabichi na karoti kwa wingi, ndivyo vyakula vinavyolisha Goma. Maji ni shida. Mashamba yapanda mpaka chini ya mlima, na hapo yakoma ghafula kama yaliyokatwa kwa kisu. Mbele ya hapo ni parki, na mwenye kuvuka mpaka huo akiwa na panga au mtego ajua kwamba akikamatwa atafungwa.

Watu wengi hudhani mwitu huo walindwa na serikali kwa kodi inayolipwa na wananchi. Ni kweli kwamba ardhi ni ya Serikali na askari wa parki ni watumishi wake. Lakini mshahara, magari, redio, dawa za gorila, hata taa za umeme, kwa sehemu kubwa vimelipwa na watoaji walio mbali sana, na wengi wao hawajafika Kibumba. Fedha hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Iliombwa. Palikuwa na watu waliojua kuiomba, na kila ombi lilikuwa na jina fulani mbele yake. Nataka kueleza habari hiyo kwa miaka yake, kwa maana wakristo wengi wa parokia za huku waishi kando ya mwitu huo bila kujua hesabu zake, na kwa maana wako watu ambao jina lao lilikawia sana kuingia katika maombi hayo.

Mwanzo wake ni mwaka 1921. Mmarekani mmoja, Carl Akeley, fundi wa kutengeneza wanyama waliokufa waonekane kama wazima, alikuja kutafuta gorila kwa ajili ya jumba kubwa la makumbusho la New York. Alipokewa na Mapadre Weupe wa misheni ya Lulenga, akapanda milima, na gorila 5 wakapatikana, yaani wakauawa. (Gorila ndio hao tunaowaita ngagi.) Lakini mtu huyo aliyekuja kuua alirudi kwao na moyo mwingine. Aliona kwamba wakija wawindaji wengine kumi kama yeye, mlimani hatabaki hata mmoja. Akaanza kuwasihi wakubwa, akamwendea balozi wa Ubelgiji huko Amerika, na kwa njia hiyo maneno yake yakafika kwa Mfalme Albert. Mfalme naye alikuwa amekwisha kuzitembelea parki za Marekani mwaka 1919, akapendezwa nazo. Basi tarehe 21 Aprili 1925 ikatolewa amri ya kuanzisha Parki ya Taifa ya Albert, ya kwanza katika Afrika nzima. Ilikuwa ndogo, nayo iliizunguka milima hii yetu: Mikeno, Karisimbi na Visoke. Mwaka 1929 ikapanuliwa sana, na mwaka 1969 ikapewa jina la Virunga.

Mwaka 1926 Akeley alirudi. Safari hii ililipiwa na matajiri wawili: George Eastman, mwenye kiwanda cha kamera za Kodak, na Daniel Pomeroy, mtu wa benki. Tazama jina la safari yenyewe: Eastman-Pomeroy-Akeley. Majina ya watoaji yalitangulia, jina la mfanya kazi likafuata. Akeley hakumaliza. Aliugua, akafa Kabara tarehe 17 Novemba 1926, katika uwanda ulio kati ya Mikeno na Karisimbi, akazikwa huko huko. Mke wake, Mary Jobe Akeley, akaendelea na kazi. Mwaka 1936 jumba la wanyama wa Afrika likafunguliwa New York kwa jina la Akeley, na gorila wa Mikeno wamo mpaka leo nyuma ya kioo. Mchoraji amechora nyuma yao nchi yetu, na milima yake ya moto. Hivyo tajiri wa New York aliweza kuutazama mwitu wa Kivu siku ya Jumapili bila kupanda meli. Ni kazi nzuri ajabu. Ila katika picha hiyo hamna mtu.

Na watu walikuwamo. Katika miitu ya milima hii waliishi Batwa, ambao Wazungu waliwaita Pigme, na waandishi wa Kiswahili wa zamani wakawaita Mbilikimo, jina wasilolipenda. Waliwinda, walitafuta asali na dawa, walibadilishana nyama na vyakula vya wakulima. Tena walikuwako wakulima na wafugaji waliokuwa na mashamba na malisho mle ambamo mpaka ulipita, na madai yao juu ya ardhi hiyo yalileta ugomvi na wakubwa wa parki kwa miaka mingi, tangu wakati wa Wabelgiji. Lakini mkulima aliyeondolewa aliweza angalau kudai kwa kuonyesha shamba lake na kaburi la babu yake. Mtwa hakuwa na shamba la kuonyesha. Nyumba yake ilikuwa ya majani, na mali yake ilikuwa mwitu wote. Baadhi ya wataalamu wa siku zile walimhesabu kama sehemu ya mwitu wenyewe, mtu wa kuchunguzwa pamoja na ndege na wadudu. Wengine walimhesabu mwizi wa wanyama. Hakuna aliyemhesabu mwenye mali. Hatua kwa hatua alikatazwa kuwinda, kisha kukaa, kisha hata kuingia.

Sasa tuache Kivu kidogo, twende Ulaya, kwa maana huko ndiko sanaa ya kuomba fedha kwa matajiri ilikotengenezwa upya. Mwaka 1960 mtaalamu Mwingereza, Julian Huxley, alizunguka Afrika ya Mashariki, akaandika katika gazeti la The Observer kwamba wanyama wa Afrika waweza kwisha katika muda wa miaka 20. Mfanya biashara mmoja wa London, Victor Stolan, akamwandikia barua. Maana ya barua hiyo ilikuwa hivi: maneno mazuri hayatoshi, wala vikopo vya senti mlangoni havitoshi, watafutwe matajiri wapya, watu wa mamilioni, nao waombwe na mtu anayejua kusema nao. Mwaka 1961 likaanzishwa shirika la WWF. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, katika mkutano wa Arusha, Julius Nyerere alitoa tamko kwamba Tanganyika itawalinda wanyama wake, na kwamba kwa kazi hiyo yahitajiwa wataalamu na fedha za mataifa mengine. Tarehe 9 Oktoba gazeti la Daily Mirror la London likatoa toleo la kuwalilia wanyama, na wasomaji wakatuma zaidi ya pauni 50,000 kwa siku chache.

Fedha ya watu wengi ilikuja mara moja, ikapungua. Ndipo, mwaka 1970, Prince Bernhard wa Uholanzi, rais wa shirika hilo, alipoanzisha kile kilichoitwa chama cha 1001. Hesabu yake ni rahisi, hata mtoto wa darasa la nne ataifanya: watu 1,000, kila mmoja dola 10,000, jumla dola milioni 10, na yule mmoja wa mwisho ni Prince mwenyewe. Fedha hiyo haikutumiwa. Iliwekwa izae faida kila mwaka, na faida ikalipa gharama za ofisi kuu. Kwa hiyo shirika liliweza kumwambia mtoaji mwingine yeyote: fedha yako yote itakwenda kwa wanyama, kwa maana karani amekwisha kulipwa na wengine. Ni akili kubwa, wala sioni haya kuisifu. Lakini majina ya wale 1,001 hayakutangazwa. Baadaye orodha zilipofika mikononi mwa waandishi wa magazeti, kati ya majina lilionekana jina la Mobutu Sese Seko, Rais wa Zaire. Ndiye mtu yule yule aliyetia sahihi amri za kupanua parki katika nchi yetu. Mwenye kutoa amri juu ya mwitu na mwenye kuketi katika chama cha matajiri wanaoulipia mwitu wakawa ni mtu mmoja. Mtwa angepeleka malalamiko yake kwa nani?

Wasomaji wa gazeti hili wajua njia nyingine ya kuchanga. Pauline Jaricot wa Lyon, aliyetangazwa Mwenye Heri tarehe 22 Mei 2022, aliwapanga wafanyakazi wa viwanda kumi kumi, kila mtu atoe sou moja kwa juma kwa ajili ya misioni. Hivyo mwaka 1822 likazaliwa Shirika la Kueneza Imani. Makanisa mengi ya Kongo yaliezekwa kwa visenti vile. Tofauti yake na wale 1,001 si kwamba hawa ni wabaya na wale ni wema. Tofauti ni hii: mwenye kutegemea watu laki moja aweza kumpoteza mmoja bila kuanguka, mwenye kutegemea watu kumi hana budi kuitazama kila siku nyuso zao, aone wapendacho na wasichopenda kusikia.

Na matajiri wa Ulaya na Amerika walipenda kusikia nini juu ya milima yetu? Walipenda ngagi. Turudi Kibumba tuone.

Mwezi wa Januari 1967 Bibi Dian Fossey, Mmarekani, alipanda kutoka Kibumba mpaka Kabara pamoja na wapagazi wa hapa, akapiga hema karibu na kaburi la Akeley. Aliyemwombea fedha ya kwanza ni Daktari Louis Leakey wa Kenya, aliyekuwa bingwa wa kusema na matajiri. Aliipata kwa Leighton Wilkie, Mmarekani mwenye kiwanda cha mashine. Leakey alijua kwamba tajiri hatoi fedha kwa “elimu” tu. Hutoa kwa mtu mmoja mwenye jina na uso, aliye tayari kukaa peke yake mlimani. Huko Kabara Bibi Fossey alifuatana na Sanweke, askari wa parki, ambaye katika ujana wake alimfanyia kazi Akeley, kisha akamwongoza George Schaller mwaka 1959 na 1960. Mzee huyo aliona zama tatu za wageni, akawafundisha wote kusoma nyayo. Umaarufu ulikwenda kwao.

Mwezi wa Julai mwaka huo, wakati wa machafuko, askari walimshusha Bibi Fossey mpaka Rumangabo. Akatoroka, akaanza tena upande wa Rwanda. Tarehe 31 Desemba 1977 majangili walimwua gorila wake mpendwa, Digit. Habari ilitangazwa katika televisheni ya Marekani, na mwaka 1978 akaanzisha mfuko kwa jina la Digit. Fedha ikaja. Nasema tena: fedha ikaja kwa sababu gorila alikuwa na jina. Katika habari hizo Batwa nao walikuwamo, lakini mara nyingi kama majangili, wenye mitego na mikuki. Ni kweli baadhi yao waliwinda mle, kwa maana ndiyo kazi waliyoachiwa na baba zao na ambayo sheria iliigeuza kuwa kosa. Mtoaji wa Chicago hakuelezwa nusu hiyo ya pili. Wala sidhani alifichwa kwa ubaya tu. Habari yenye pande mbili ni ngumu kuingia katika barua ya ukurasa mmoja, na mwombaji wa fedha huandika ukurasa mmoja.

Hata hivyo haiwezekani kusema kwamba wakubwa hawakujua. Mwezi wa Septemba 1975 wataalamu wa dunia wa kuhifadhi viumbe walikutana Kinshasa katika mkutano mkuu wa IUCN. Huko walipitisha azimio juu ya watu wanaoishi kwa desturi za asili katika nchi zao: wasifukuzwe kwa sababu ya parki, washauriwe kabla, wabaki na ardhi yao. Azimio zuri, nalo lina jina la nchi yetu, laitwa azimio la Zaire. Lakini tarehe 22 Julai 1975, miezi miwili kabla ya mkutano, amri ya Serikali ilikuwa imeipanua parki ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, ikawa kubwa mara kumi kuliko ilivyokuwa: kutoka hekta 60,000 mpaka 600,000. Maelfu ya Batwa wa huko walitolewa katika miaka hiyo, bila ardhi nyingine na bila malipo ya haki.

Kwa upande wa watu wa asili, vyama vya kuwaombea fedha vilikwisha kuanza, ila mbali na Afrika. Mwaka 1969 Norman Lewis aliandika katika Sunday Times la London habari za kuuawa kwa Wahindi wa Brazili. Wasomaji walishtuka, na kutokana na mshtuko huo likazaliwa shirika la Survival International. Mwaka 1972 Mwalimu David Maybury-Lewis wa Chuo cha Harvard akaanzisha Cultural Survival. Survival iliamua tangu zamani kutopokea fedha ya serikali yoyote, ili isifungwe mdomo. Uamuzi huo una bei yake: mfuko wake ni mdogo kando ya ule wa mashirika ya wanyama. Lakini umeiwezesha kuwasema hadharani hata hao wenye parki. Nadhani hili ni jambo la kukumbukwa na kila chama chetu kidogo kinachofurahia barua ya kwanza ya mfadhili.

Baada ya hapo ilikuja mwaka 1994, ambao Kibumba haitausahau. Mwezi wa Julai wakimbizi wa Rwanda walimiminika Goma, na hapa Kibumba, juu ya mawe meusi yasiyo na maji, wakawekwa watu wapatao 200,000. Kipindupindu kiliua maelfu katika kambi za Goma. Kila familia ilihitaji kuni za kuchemsha maji na maharagwe, na kuni zilikuwa katika parki. Watu waliingia kwa makumi ya maelfu kila siku, na mwitu ukaliwa. Mwaka huo huo UNESCO iliandika Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Fedha nyingi sana zilifika Kibumba wakati ule, kwa malori na ndege, kwa ajili ya wakimbizi. Na mwezi wa Oktoba 1996 kambi iliposhambuliwa na kuvunjika, zilikwenda zake. Wenyeji walibakiwa na mlima uliokatwa na vita vilivyoanza. Batwa wa pande hizi, ambao hawakuwa wakimbizi wala gorila, hawakuingia katika daftari yoyote.

Tangu mwaka 2008 parki yaongozwa na Emmanuel de Merode, Mbelgiji, kwa mapatano kati ya Serikali na shirika la Virunga. Hapa sanaa ya watoaji wakubwa imefika kilele chake. Mwezi wa Julai 2007 gorila kadhaa walikuwa wameuawa upande wa Bukima; picha ya mzoga wao ukibebwa juu ya miti na wanakijiji ilizunguka dunia, na watoaji wakaamka. Umoja wa Ulaya ukawa mfadhili mkubwa. Howard Buffett, mwana wa tajiri Warren Buffett, akatoa karibu dola milioni 20 kujenga mtambo wa umeme wa Matebe, huko Rutshuru, wenye nguvu ya megawati 13.8, uliofunguliwa Desemba 2015. Mawazo yake yalikuwa mazuri: mtu mwenye umeme na kazi hatakata makaa parkini. Tarehe 15 Aprili 2014 de Merode alipigwa risasi katika njia hii hii ya Goma na Rumangabo, akapona. Tarehe 24 Aprili 2020 walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo, pamoja na dereva wao na raia 4. Baada ya siku chache, watoaji, na kati yao chama cha mchezaji wa sinema Leonardo DiCaprio, wakaunda mfuko wa dola milioni 2. Walinzi waliokufa tangu mwanzo wa parki wapita 200, na wengi wao ni wana wa vijiji vyetu. Mtu asiseme kwamba fedha hiyo imepotea bure. Wajane wamesaidiwa kwayo, na ngagi wa Virunga wameongezeka.

Lakini mwaka 2019 waandishi wa Marekani walitoa habari kwamba askari wa parki mbalimbali, waliosaidiwa na WWF, walikuwa wamepiga na kutesa watu wa asili, katika Kongo na kwingineko. WWF yenyewe ikaunda baraza la uchunguzi chini ya Navi Pillay, aliyekuwa hakimu, na ripoti ikatoka Novemba 2020. Baraza halikuona kwamba shirika liliagiza uovu. Liliona kwamba lilipata habari za uovu na likaendelea kulipa bila kuchukua hatua za kutosha. Twaona hapa jambo lile lile la barua ya ukurasa mmoja. Habari ya mtu aliyepigwa haikuwa na mahali pake katika ripoti ya mwaka iliyopelekwa kwa mtoaji.

Basi wakubwa wakatubu, angalau kwa maneno. Mwezi wa Novemba 2021, huko Glasgow, katika mkutano wa dunia juu ya hali ya hewa, serikali 5 na mifuko 17 ya matajiri ziliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya haki za ardhi za watu wa asili na wakaaji wa miitu. Kiasi hicho kilikuwa hakijasikiwa kamwe. Kisha watoaji wenyewe wakatoa hesabu, na hilo ni la kuwasifu, kwa maana wangeweza kuficha. Mwaka wa kwanza, fedha iliyofika moja kwa moja mikononi mwa vyama vya watu wa asili ilikuwa 7 katika kila mia. Mwaka 2022 ikashuka mpaka 2.1. Nyingine zote zilipita kwa serikali, kwa mashirika makubwa na kwa washauri.

Kwa nini? Tusikimbilie kusema wizi. Fikiri juu ya chama cha Batwa katika kijiji cha Nyiragongo au Masisi. Mtoaji mkubwa ataka kwanza chama kiandikishwe. Kwa sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2001, idhini kamili ya chama hutolewa na Waziri wa Sheria, naye yuko Kinshasa, mbali kuliko Nairobi au Dar es Salaam. Yatakiwa sanduku la benki, na sahihi za watu wawili wanaojua kuandika. Yatakiwa ombi kwa Kifaransa au Kiingereza, lenye makadirio ya miaka mitatu. Yatakiwa mkaguzi wa hesabu ambaye ujira wake wapita fedha yote ya chama. Na mtoaji mwenye milioni 10 hapendi kuandika hundi 1,000 za dola 10,000. Apenda kuandika moja. Hivyo fedha hutafuta mlango mkubwa, nao mlango mkubwa uko London, Brussels au Kinshasa. Mwenye mlango huo huchukua ujira wake, huajiri, hununua gari, na kile kinachobaki huteremka kijijini kwa jina la semina.

Jambo ninaloliona baya kuliko ujira ni jina. Chama kinapoandika “kwa niaba ya Batwa”, neno hilo lauzwa kama mali, nao wenye jina hawajui limeuzwa kwa bei gani. Katika parokia mchango hutangazwa Jumapili inayofuata: kiasi gani, kimenunua nini. Si kazi ngumu kumfanyia Mtwa vivyo hivyo, kumsomea ombi kwa lugha yake kabla ya kupelekwa, na kumsomea hesabu baadaye. Kama katika ombi aitwa mwizi wa mwitu, au aitwa malaika wa mwitu asiyekata hata jani, na aseme mwenyewe kama ndivyo alivyo.

Sheria zimeanza kumtambua. Tarehe 15 Julai 2022 Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi sheria ya kulinda haki za Pigme watu wa asili, ya kwanza ya namna hii katika Kongo. Yawapa haki juu ya ardhi na mali za asili wanazozitumia kwa desturi. Tena kuna kesi ya Kahuzi-Biega. Mwaka 2015 chama cha ERND cha Bukavu pamoja na Minority Rights Group la London, nalo laishi kwa fedha ya wafadhili, walipeleka malalamiko ya Batwa wa Kahuzi mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu. Ngoja ilikuwa ndefu. Mwezi wa Oktoba 2018 baadhi ya Batwa walichoka kungoja, wakarudi mwituni wenyewe. Pakawa na mapigano na walinzi, na watu wakafa pande zote mbili. Mwaka 2024 uamuzi ukatangazwa. Tume ilisema kwamba Serikali ya Kongo imevunja haki za Batwa: iwarudishie nchi yao na kuwapa hati, iwalipe, tena iwaombe msamaha mbele ya watu. Tume ilikataa pia fikira kwamba mwitu hauwezi kulindwa mpaka watu wake watolewe. Kesi hiyo nayo ni kazi ya fedha ya watoaji. Lakini fedha hiyo iliombwa kwa jina la watu ambao walitoa ushahidi wao wenyewe, na matokeo yake yako mbele ya macho yao, yameandikwa.

Kwa sisi wa Kibumba vita havikungoja hukumu. Mwezi wa Novemba 2022 M23 waliitwaa Kibumba; Desemba walitangaza kuikabidhi kwa majeshi ya Afrika ya Mashariki; watu wa hapa, na Batwa pamoja nao, walikaa katika kambi za kando ya Goma chini ya maturubai. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje, na mashirika mengi ya Goma yakaanza kufunga milango. Mwishoni mwa mwezi huo huo M23 waliuteka mji wa Goma, na katikati ya Februari wakauteka Bukavu. Hivyo Serikali iliyoamriwa kuwapa Batwa wa Kahuzi hati za ardhi yao ilipoteza ofisi ambamo hati hizo zingeandikwa.